Kitanzi kinachokula besi

Swali: Mtaalamu, shikamoo. Nimeunda kisambazaji kidogo cha FM cha MHz 100. Osileta, saketi inayozaa wimbi, inafungwa na PLL, yaani kitanzi kinachoilinganisha na kristali na kuirudisha ikisogea: kristali nimeigawa hadi MHz 1, osileta nimeigawa kwa 100, na kilinganishi awamu kinaongoza varakta (diodi inayosogeza masafa kwa volti) kupitia kichujio. Nilichagua MHz 1 kwa sababu nilisoma kwamba kugawa kwa namba kubwa kunaongeza kelele. Mara ya kwanza masafa yalitulia vizuri sana, lakini muziki ulisikika mwembamba, besi hakuna kabisa. Nikaongeza kapasita ya kichujio mara nyingi, besi ikarudi. Sasa taa ya kufunga, ile inayoonyesha kwamba PLL imeishika osileta, inapepesa kila ngoma inapopigwa, sauti inachanika, na nikiwasha nasubiri karibu dakika nzima. Sauti naiingiza kwenye varakta hiyohiyo. Tatizo ni chipu au ni mimi?

Jibu: Marahaba, ndugu yangu. Chipu iache, haina kosa. Kosa lako ni ile MHz 1, na limetokana na ushauri mzuri uliotumika mahali pasipo pake. Nitalifikia. Kwanza tuulize besi ilikwenda wapi, maana ukishalijua hilo, taa na kuchanika kwa sauti havitakusumbua kuvielewa.

PLL imepewa agizo moja: osileta ikisogea, irudishe. Kilinganishi awamu hakina masikio. Kikiona osileta imepanda kHz 40 kutoka mahali pake, hakijui kama imepandishwa na joto la koili au na mpiga gitaa. Kwake vyote ni kosa, na kosa hurekebishwa. Ukiingiza sauti kwenye osileta iliyo ndani ya kitanzi, unamwajiri mtu wa kusogeza meza na mwingine wa kuirudisha. Anayeshinda ni mwenye kasi. Noti za juu hubadilika haraka kuliko kitanzi kinavyoweza kufuata, kwa hiyo zinapita salama. Noti za chini zinakwenda polepole, kitanzi kinazifikia na kuzifuta moja baada ya nyingine. Ndiyo maana muziki wako haukupotea wote, ulipotea upande wa chini tu.

Kiasi kinachopotea kinahesabika. Kitanzi cha aina unayotumia, chenye kikusanyaji (saketi inayojumlisha makosa kadiri muda unavyokwenda) ndani ya kichujio, kina masafa yake asilia, tuyaite fn. Kigezo cha ufifishaji, kinachoonyesha kitanzi kinavyotulia bila kuyumba, kikiwa 1, sehemu ya sauti inayobaki hewani ni x² kugawa kwa (1 + x²), ambapo x ni masafa ya sauti kugawa kwa fn. Hukunitajia thamani za kichujio chako cha kwanza, lakini kwa dalili ulizoeleza tuchukulie fn ilikuwa Hz 300. Noti ya kHz 1 inabaki na asilimia 92, hakuna sikio litakalolalamika. Noti ya Hz 300 inabaki na nusu. Noti ya Hz 50 inabaki na asilimia 2.7, yaani imeshuka dB 31. Hapo ngoma imekwisha; unachosikia ni kijiti kikigonga ngozi.

Kabla hujashika chuma cha kulehemu, fanya jaribio la dakika tano litakalokuonyesha mhalifu. Ng'oa waya unaotoka kwenye kichujio kwenda kwenye varakta, na mahali pake weka volti kutoka betri kupitia potenshometa. Zungusha mpaka osileta ifike karibu na MHz 100, kisha cheza muziki uleule. Osileta itatangatanga taratibu, usijali. Besi ikirudi kamili, kitanzi ndicho kilichokuwa kinakula. Isiporudi, tafuta kapasita ndogo kwenye njia ya sauti. Nakuambia hili kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kukesha usiku mbili nikibadilisha kichujio cha PLL, kumbe kilichokuwa kinazuia besi ni kapasita ya µF 0.1 niliyoiweka mbele ya rezista ya kΩ 10. Hiyo inaanza kukata chini ya Hz 159. Kitanzi kilikuwa hakina habari.

Kwako wewe besi ilirudi ulipopunguza kasi ya kitanzi, kwa hiyo tunajua. Ulifanya jambo sahihi. Ila ulipofungua mlango huo, tatizo la pili likaingia, nalo watu wengi hawalitazamii kwa sababu tumezoea kuifikiria FM kwa masafa, na kilinganishi hakitazami masafa. Kinatazama awamu.

Fikiria watu wawili wanaotembea sambamba. Mmoja ana mwendo usiobadilika. Mwingine anaharakisha kidogo kwa muda, kisha anapunguza kwa muda uleule, tena na tena. Kasi ni masafa; umbali kati yao ni awamu. Akibadilisha mwendo kila sekunde, hawatatengana hata hatua mbili. Akiharakisha dakika nzima kabla ya kupunguza, atakuwa amemwacha mwenzake mbali, ingawa tofauti ya kasi ni ileile. Noti ya besi ndiyo huyo anayeharakisha dakika nzima.

Kwa hesabu, mbembeo wa awamu kwa radiani (mzunguko mzima ni radiani 6.28) ni mkengeuko wa masafa, yaani kiasi ambacho sauti inayasogeza, kugawa kwa masafa ya sauti. Utangazaji wa FM unatumia mkengeuko wa kHz 75 kila upande. Noti ya kHz 1 yenye nguvu kamili inabembeza awamu radiani 75. Noti ya Hz 50 inaibembeza radiani 1,500, na ya Hz 30 inafikia 2,500. Kigawanyi kinapunguza mbembeo huo kwa namba inayogawa, kwa hiyo kwako kilinganishi kinapokea radiani 15 kwa Hz 50, na 25 kwa Hz 30.

Kilinganishi chenye kutambua awamu na masafa, ambacho ndicho kilichomo kwenye chipu nyingi za PLL, kinavumilia mzunguko mmoja kila upande, yaani radiani 6.28. Ukizidi hapo kinaruka mzunguko: kinapoteza hesabu, kinaanza upya, na mstari wa volti unaruka ghafla. Ule mruko ndio mchaniko unaousikia, na ndio unaopepesa taa. Gawanya 75,000 kwa 628 utapata kama 119. Yaani kwenye saketi yako kila noti yenye nguvu kamili iliyo chini ya takriban Hz 120 inakivusha kilinganishi mpaka wake. Ngoma na gitaa la besi vinakaa hapohapo.

Kwa nini haikutokea mwanzo? Kwa sababu kitanzi cha mwanzo kilikuwa kinaifuta besi kabla haijajikusanya. Radiani 15 za Hz 50 zilibaki 0.4 tu. Kilikuwa na amani kwa sababu kilikuwa kimekula chakula chote.

Dawa, basi, ni kugawa kwa namba kubwa zaidi, kinyume kabisa na ulichosoma. Ongeza kigawanyi cha kumi kwenye upande wa kristali ili rejea, yaani masafa ya kristali yanayofika kwenye kilinganishi, iwe kHz 100, na osileta uigawe kwa 1,000. Noti ya Hz 30 sasa inafika kwenye kilinganishi ikiwa na radiani 2.5. Imeingia ndani ya mpaka na nafasi imebaki. Ukitumia kilinganishi cha aina ya XOR, ambacho nacho kimo ndani ya chipu ya PLL iitwayo CD4046 pamoja na kile kingine, ujue chenyewe kinavumilia radiani 1.57 tu kila upande. Hapo ungehitaji kugawa kwa zaidi ya 1,600. Sikushauri.

Na ile kelele uliyoiogopa? Ni ya kweli. Kelele ya kilinganishi na ya rejea huzidishwa na namba unayogawia, na kila ukiizidisha namba mara kumi, kelele hiyo inapanda dB 20. Lakini inapanda ndani ya upana wa kitanzi tu. Nje ya hapo osileta inabaki na kelele yake yenyewe, kitanzi hakiigusi. Sasa kitanzi chetu kitakuwa cha Hz 3 hivi. Kelele iliyo chini ya Hz 3 haisikiki na binadamu, na spika ya redio haiwezi kuitoa hata ikitaka. Aliyeandika ule ushauri alikuwa anawaza redio za data au vipokezi, ambako kitanzi ni kipana na ndicho kinachoisafisha osileta. Kwako osileta haina wa kuisafisha. Itabidi izaliwe safi.

Twende kwenye thamani. Nachukulia osileta yako inasogea MHz 2 kwa kila volti ya varakta, na kilinganishi kinatumia volti 5. Kichujio kiwe amplifaya ya operesheni iliyounganishwa kama kikusanyaji: rezista R1 inaingia, halafu R2 na kapasita C zikiwa zimefuatana kwenye njia ya kurudisha. Mraba wa masafa asilia, kwa radiani kwa sekunde, ni faida ya kilinganishi (kiasi kinachotoka kwa kila kipimo kinachoingia) mara faida ya osileta, kugawa kwa namba ya kigawanyi mara R1 mara C. Faida ya kilinganishi ni 5 kugawa kwa 4π, ya osileta ni 2π mara milioni mbili. Ukizizidisha na kugawa kwa 1,000, π zinafutana na unabaki na 5,000 kamili. Tukichukua R1 ya MΩ 1.5 na C ya µF 10, zidisho lao ni sekunde 15. Kipeuo cha pili cha 5,000 kugawa kwa 15 ni 18.26, sawa na Hz 2.9. Ili kigezo cha ufifishaji kiwe 1, R2 iwe 2 kugawa kwa 18.26 mara C, inatoka kΩ 11.

Sasa jaribu ile fomula ya mwanzo: noti ya Hz 30 inabaki na asilimia 99. Imeshuka chini ya sehemu moja ya kumi ya desibeli.

Kapasita hiyo ya µF 10 isiwe ya elektroliti. Elektroliti inavuja, na mvujo wowote mbele ya rezista ya MΩ 1.5 ni kosa ambalo kilinganishi kitalazimika kulifidia kila wakati. Isiwe ya seramiki pia. Kapasita za seramiki za thamani kubwa hugeuza mtetemo kuwa volti, na mstari wako unageuza kila volti kuwa MHz 2. Chukua kalamu ugonge boksi huku ukisikiliza kwenye redio: ukisikia "ko, ko, ko" kwenye spika, umejenga maikrofoni bila kukusudia. Tumia za filamu, hata ikibidi kuunganisha kadhaa sambamba. Ni kubwa, zinakula nafasi, lakini zinatulia. Koili nayo uimiminie nta au gundi isiyotikisika. Amplifaya iwe yenye mlango wa FET, kwa sababu zile za kawaida zinanyonya mkondo unaoonekana kupitia R1 kubwa namna hii.

Baada ya amplifaya weka rezista ya kΩ 10 na kapasita ya µF 0.1 kwenda ardhini. Inakata kuanzia Hz 159, mbali vya kutosha juu ya kitanzi, na kwenye kHz 100 inapunguza dB 56. Hii inaondoa miiba ya rejea, yale mawimbi madogo yanayosimama pande zote mbili za wimbi lako kwa umbali wa masafa ya rejea. Usishawishike kushusha rejea hadi kHz 25 ili upate hatua ndogo za masafa, hasa kama una mpango wa stirio. Sauti ya tofauti kati ya kushoto na kulia inabebwa juu ya kHz 38, na mwiba wa kHz 25 utapigana nayo na kuzaa mluzi wa kHz 13. Utautafuta mluzi huo kwenye saketi ya sauti mpaka uzeeke, na haupo huko.

Sauti kuiingiza kwenye varakta ya kitanzi ni jambo la kuacha. Kwa MHz 2 kwa volti, mkengeuko wote wa kHz 75 unapatikana kwa mV 37.5 tu. Ishara ndogo kiasi hicho inashindana na mvumo wa umeme uleule uliopo kwenye mstari, na kapasita uliyoweka kuchuja rejea inaifyonza sauti ya juu. Weka varakta ya pili, ndogo, iliyounganishwa na koili kupitia kapasita ya pF chache, upime mpaka volti 1 ya sauti itoe kHz 75. Hapo mV 1 ya mvumo kwenye njia ya sauti inasogeza Hz 75 tu, dB 60 chini ya muziki. Lakini mV 1 hiyohiyo ikiingia kwenye mstari wa kitanzi inasogeza kHz 2, dB 31 chini, na kila msikilizaji ataisikia. Kwa hiyo mstari wa kitanzi uwe mfupi, boksi liwe la chuma, na amplifaya ya kichujio ipate regyuleta yake peke yake.

Kuna jambo dogo hapa ambalo vitabu hulipita haraka. Ukishapanga mkengeuko kwenye MHz 100, usidhani utabaki hivyo ukihamia sehemu nyingine ya bendi. Varakta ya sauti inatoa badiliko lilelile la kapasitansi, lakini athari yake kwenye masafa inakua kwa kipeo cha tatu cha masafa yenyewe. Kati ya MHz 88 na 108 ni mara 1.85. Aliyepanga kHz 75 kule chini akahamia juu bila kugusa kitu atarusha karibu kHz 139, na majirani zake wa bendi watamjua. Kwako wewe unayekaa sehemu moja haina shida.

Kuupanga mkengeuko wenyewe huhitaji mashine ya gharama. Kipokezi cha SDR, yaani redio inayoendeshwa na programu, cha kuchomeka kwenye kompyuta kinatosha. Zima saketi ya kunyanyua sauti za juu, ingiza toni ya kHz 13.587, kisha pandisha kiwango taratibu huku ukitazama mstari wa katikati kwenye skrini. Utapungua mpaka utoweke; hapo uko karibu kHz 33. Endelea. Utarudi, utakua, kisha utatoweka mara ya pili. Mara hiyo ya pili ni kHz 75 hasa, kwa sababu wimbi la katikati hupotea mbembeo wa awamu unapofikia radiani 2.405, na tena ukifikia 5.520. Wakati wote huo funga mzigo bandia wa ohm 50 mahali pa antena, na antena isubiri kibali.

Kabla sauti haijafika kwenye varakta, ipitishe kwenye kichujio kinachokata chini ya Hz 25 au 30. Ukifungua maikrofoni na mtu akapuliza pumzi, au santuri ikawa na mtikisiko wa injini yake, unaweza kupata Hz 5 yenye nguvu kubwa. Kwa Hz 5 mbembeo ni radiani 15,000, na hata ukigawa kwa 1,000 umerudi palepale pa radiani 15. Kitanzi cha Hz 2.9 kitazifuta kwa sehemu, lakini si kwa kiasi cha kukuokoa ikiwa kiwango kimepandishwa mpaka mwisho.

Kwa stirio nina onyo. Kitanzi cha Hz 2.9 hakipunguzi ukubwa wa Hz 30, ila kinaisogeza awamu nyuzi 11. Mono haijali. Stirio inajali, kwa sababu jumla ya kushoto na kulia inapita chini, ambako kitanzi kinagusa, na tofauti inapita juu kwenye kHz 38, ambako hakigusi. Vikikutana kwenye kipokezi havilingani tena. Utengano wa kushoto na kulia kwenye masafa fulani unakuwa takriban uwiano wa masafa hayo na fn: kwa Hz 30 ni dB 20 tu, kwa Hz 300 ni dB 40. Anayetaka dB 40 hadi chini kabisa anahitaji kitanzi cha Hz 0.3, na kwa maoni yangu anayejenga kwa mkono aridhike na besi ya mono. Sikio lenyewe ni hafifu katika kujua noti ya Hz 30 imetoka upande gani.

Utakutana na watu watakaokuambia uachane na hangaiko hili, uingize sauti sehemu mbili: kwenye osileta na kwenye kristali ya rejea kwa pamoja. Ni njia nzuri sana. Sauti ya chini inapita kupitia rejea, kwa kuwa kitanzi kinaifuata rejea polepole; ya juu inapita kwenye osileta; ukizisawazisha, zinakamilishana na kitanzi hakionekani tena. Redio za mkononi za mawasiliano zinaitegemea, maana toni zao za kufungulia kituo zinaanza Hz 67 na kitanzi chao lazima kiwe cha haraka. Lakini angalia uwiano. Redio ya MHz 150 yenye mkengeuko wa kHz 5 inahitaji kristali isogee sehemu 33 katika milioni, ambayo kristali yenye varakta inaweza. Wewe unahitaji 750 katika milioni. Kristali haivutiki kiasi hicho bila kupotosha sauti, kwa hiyo kwa FM ya utangazaji njia hiyo nimeiondoa mezani.

Njia ya kisasa ni kuibadilisha namba ya kigawanyi yenyewe kidijiti, kwa chipu za kugawa kwa sehemu, yaani kwa namba isiyo nzima, zenye mbinu iitwayo delta-sigma. Kwa rejea ya MHz 10 na hesabu ya biti 24, kila hatua ni Hz 0.6. Hapo kila kitu kinageuka: kitanzi kinatakiwa kiwe kipana kuliko sauti yote, na kwa stirio hiyo ni zaidi ya kHz 53. Kilinganishi hakioni mbembeo mkubwa kwa sababu kitanzi kinamfuata mwimbaji badala ya kumpinga, na ile kelele ya kugawa uliyosoma ndipo inapokuwa na maana. Ukijenga kisambazaji cha pili, anzia hapo. Hiki cha sasa kimalize.

Kuna historia fupi inayonifurahisha kila nikilifikiria tatizo hili. Edwin Armstrong, aliyeionyesha FM hadharani mwaka 1935, hakutaka kuigusa osileta kabisa. Aliiacha kristali itulie, akabebesha sauti kwenye awamu kwa kiasi kidogo mno, halafu akazidisha masafa mara maelfu mpaka mkengeuko ukatosha. Maelfu hayo yalidaiwa na besi: ukiruhusu nusu radiani tu kwenye Hz 50, unapata mkengeuko wa Hz 25, na kutoka 25 hadi 75,000 ni mara 3,000.

Imebaki ile dakika ya kusubiri. Kwa R1 ya MΩ 1.5, hata kilinganishi kikisukuma kwa nguvu zote, volti kwenye kikusanyaji inasogea 0.17 kwa sekunde, yaani kHz 330 za masafa. Osileta ikiwa MHz 5 mbali wakati wa kuwasha, ni sekunde 15 kwa bahati njema, na mara nyingi maradufu yake. Unganisha rezista ya kΩ 150 sambamba na R1 kupitia swichi ya kielektroniki ya chipu CD4066, iwe imefungwa wakati wa kuwasha na ifunguke baadaye. Kasi inaongezeka mara 11. Usiende hadi kΩ 15 kwa tamaa ya kasi. Kile kichujio kidogo cha Hz 159 kitaanza kukutana na kitanzi kilichoharakishwa, na masafa yatayumba kabla ya kutulia. Wakati swichi imefungwa, zima sauti na zima hatua ya mwisho ya nguvu.

Swichi hiyo iongozwe na saa, sekunde tano hivi baada ya kuwasha, isiongozwe moja kwa moja na taa ya kufunga. Taa nyingi huwaka kwa kupima upana wa mapigo ya kilinganishi, na muziki wenyewe, hata kitanzi kikiwa kizima kabisa, unayatanua mapigo hayo mpaka radiani 2.5. Kwa hiyo baada ya marekebisho yote haya taa yako bado itapepesa ngoma ikipigwa. Weka rezista na kapasita kubwa kabla ya LED ili isubiri sekunde mbili tatu kabla ya kubadilika. Ukitaka kuhakikisha, cheza toni ya Hz 40 kwa nguvu kamili na sikiliza kwenye redio: ikitoka laini bila kugugumia, mizunguko hairuki, hata taa ikisema nini.